Jiko Nyuma ya Kamba

Binti wa makumbusho alikuwa amepiga magoti chini ya meza, futi kamba mkononi, akipima miguu ya meza. Bi Urszula alikuwa amesimama juu yake na sufuria ya viazi inayotoa mvuke, hajui pa kuitua.

"Samahani mama, kidogo tu," binti alisema kutoka chini. Aliitwa Jagoda, alikuwa ameajiriwa tangu kiangazi, na hakuwahi kupanda ngazi hizi kabla ya leo. "Nikimaliza meza nabaki na kitanda."

"Kitanda changu?"

"Kile cha chuma, chenye vifundo vya shaba."

"Hicho sijakitandika."

"Usikitandike! Yaani, naomba kikae hivyo hivyo. Mkurugenzi anataka kionekane kama watu wametoka kuamka sasa hivi."

"Watu wametoka kuamka sasa hivi," alisema Bi Urszula. "Kionekane na nani?"

Jagoda akajitokeza kutoka chini ya meza, nywele zimejaa vumbi la makaa. Alimtazama mwenye nyumba, kisha akatazama sufuria, kisha futi yake, kama mtu aliyeingia choo kisicho chake.

"Bwana Zenon hajakueleza, mama?"

Bi Urszula aliweka sufuria kwenye kizingiti cha dirisha. Huko chini, kwenye uwanja wa stesheni ya zamani ya Jesionka, injini za mvuke zilikuwa zimepangwa mstari kama wazee kwenye foleni ya zahanati, na kutoka tumboni mwa ile kubwa kuliko zote, Balbina, miguu miwili ya mumewe ilikuwa inaning'inia nje.

"Nieleze wewe," alisema.

Jagoda akaeleza haraka haraka, akiangalia sakafu. Siku ya Mtakatifu Katarina, sikukuu ya watu wa reli, makumbusho itafungua maonyesho mapya: Nyumba ya Familia ya Reli. Nyumba yenyewe ni hii. Manispaa imeshawapatia fleti nyingine, nzuri, yenye joto. Kwa kweli alidhani mama anajua. Kila mtu anajua.

"Na hilo kabati la vyombo, mama, ni zuri sana," akamalizia, akidhani anapoza mambo. "Tafadhali usitupe kitu."

*

Zenon alipanda mchana akiwa mweusi hadi masikioni, akinawa kwa sabuni ya mchanga na kumwita mkewe kwa jina la nyumbani, kwa sauti ya kushinda bomba.

"Ulka, mirija imefika! Mirija yote ya boila, mipya, inang'aa. Ungeiona! Fundi Rzepka alilia, haki ya Mungu, mtu mzima analia mbele ya mirija."

"Na sisi tunakwenda wapi?"

Maji yaliendelea kutiririka. Zenon aliyafunga, akachukua taulo, akaanza kufuta kidole kimoja kimoja.

"Nilitaka kukwambia jioni."

"Jioni ya mwaka gani?"

"Ni mtaa wa Ogrodowa tu hapo. Ghorofa ya nne. Mabomba ya joto kila chumba, maji ya moto wakati wowote. Hutabeba tena ndoo ya makaa."

"Nani kakwambia nimechoka na ndoo?"

"Wewe. Kila siku ya Mungu. Tangu tuoane."

Nusura Bi Urszula acheke, na jambo hilo likamkasirisha zaidi. Alimwekea viazi na kabeji ya kuchacha, akaiweka sahani kwa kishindo.

"Kulalamika ni kulalamika, Zenon. Mtu analalamika kwa sababu yuko kwake. Sikuomba kuhamishwa."

"Ilikuwa kura, Ulka. Wafadhili walisema waziwazi: makumbusho iliyo na injini tu hatuitaki, tunataka maisha ya watu. Kama hakuna nyumba ya kuonyesha, hakuna fedha. Bila fedha hakuna mirija. Na bila mirija Balbina ni sufuria kubwa ya kutu." Alikaa, hakugusa uma. "Mkutano mzima wa chama cha wapenda reli ulikuwepo. Tukainua mikono."

"Na wako ulikuwa wapi?"

Zenon aliutazama mkono wake, ulioanza kuwa mweupe, isipokuwa kwenye kucha.

"Juu," alisema.

Chini uwanjani mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye chuma, anapiga, anasita, anapiga tena.

"Kula," alisema Bi Urszula. "Viazi vinapoa."

*

Siku ya kuhama, binti yao Marzena alikuja na mumewe, gari lao la mizigo na hasira yake mwenyewe, ambayo haikuwa upande wa mama wala wa baba.

"Mama, mimi nimekuwa nikiomba miaka yote mtoke hapa. Choo kiko uani! Ukiteleza kwenye barafu nani atakuokota, Balbina?"

"Beba hizo sahani," mama yake alisema, "uache mdomo."

Walibeba nguo, redio, picha za harusi, mto wa manyoya ya bata. Vitu vingi vilibaki, maana vilikuwa vya reli tangu zamani: kitanda, meza, viti, saa ya ukutani, hata ndoo ya makaa. Bi Urszula hakuvililia hivyo. Alikuwa amevisugua maisha yake yote bila kusahau kwamba si vyake. Lakini kabati la vyombo lilikuwa la marehemu mama yake, Apolonia. Lilikuja kwa mkokoteni kutoka kijijini wiki ya harusi, la mbao za mwaloni, na ndani yake hadi leo kulinukia iliki na uyoga uliokaushwa.

Mkwe wao alipoliegemea alivute, mkurugenzi Tokarz akatokea mlangoni. Alikuwa mtu wa adabu nyingi, mwenye skafu ndefu, na aliongea taratibu kama anayezungumza na mgonjwa.

"Samahani, Bi Urszula. Hilo lina kibati."

Kweli lilikuwa nacho. Kwenye ubavu, chini kidogo ya droo, palikuwa na kipande cha shaba chenye namba, kimepigiliwa kwa ribiti mbili.

Hakuna aliyeuliza kimefikaje hapo, maana wote walijua. Miaka ambayo wezi wa vyuma chakavu walikuwa wanaing'oa stesheni kipande kipande, wakabeba kengele, taa, hata vitasa vya milango, chama cha wapenda reli kiliamua kila kitu kipewe namba. Watu wa reli hawaamini kitu kisicho na namba. Kwao hata kigoda kisicho na namba ni kama mtoto asiyebatizwa. Zenon ndiye aliyepewa nyundo. Alianza na injini, akaja mabehewa, akaja chumba cha kungojea, na kwa vile kazi ilikuwa imemnogea, akapanda ngazi akaendelea jikoni. Bi Urszula alirudi kutoka sokoni akakuta kabati la mama yake limetobolewa. Alimtukana siku nzima. Zenon alijibu kwa furaha: "Sasa hakuna mwizi atakayeligusa!"

"Hilo ni la mama yangu," alisema Bi Urszula.

"Sina shaka hata kidogo," alisema Tokarz. "Lakini nikiruhusu kimoja, kesho watakuja wengine. Tufanye hivi. Bwana Zenon ndiye aliyepiga vibati vyote. Aseme yeye. Nitalikubali neno lake, hapa hapa, bila karatasi."

Wote wakamgeukia Zenon. Alikuwa ameshika saa ya mezani kifuani. Marzena alimfanyia ishara kwa macho, sema basi, ni neno moja tu.

"Ni kabati la Apolonia," Zenon alisema. "Nililipandisha ngazi hizi mwenyewe, mgongoni."

"Unaona!" alisema Marzena.

"Lakini mjane wa mwenzetu Kosela alikuja akilia," Zenon aliendelea, sauti inashuka. "Alitaka taa ya mumewe. Taa ya mkono, Kosela aliinunua kwa fedha yake. Nikamwambia, mama, chenye namba ni cha makumbusho, ukitoa kimoja vyote vinatoka. Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Alikwenda zake bila taa. Nitamtazamaje kanisani?"

"Na mimi utanitazamaje mezani?" aliuliza Bi Urszula.

Tokarz alikohoa kwa adabu na kusema kwamba kwa hiyo, kwa masikitiko makubwa, basi. Mkwe akaachia kabati. Bi Urszula alifungua milango, akatoa vikombe na mabakuli moja baada ya jingine, akavifunga kwenye magazeti, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumsaidia.

*

Fleti ya Ogrodowa ilikuwa na joto. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi, kwamba hakuweza kusema ni mbaya. Alikaa jikoni na kigauni chepesi katikati ya Novemba, vyombo vyake bado viko kwenye maboksi, kwa sababu makabati ya pale yalikuwa ya ubao wa kubandika na rafu zilibonyea kwa uzito wa bakuli la supu. Zenon aliondoka alfajiri kwenda kwa Balbina na kurudi giza limeingia. Walikuwa wanaongea kama watu wa dirisha la tiketi: chumvi, hii hapa, asante.

Siku moja alivaa koti lake la kanisani akaenda ofisini kwa mkurugenzi. Tokarz alimvutia kiti, akamletea chai, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kuna njia," alisema, uso umechangamka. "Mtu binafsi anaruhusiwa kuazima kielelezo. Kwa hafla ya kifamilia, tuseme. Wiki mbili, na bima."

"Niazime kabati langu?"

"Kielelezo, ndiyo."

"Na baada ya wiki mbili?"

"Mnarudisha. Kwa gharama zenu, kwa bahati mbaya."

Bi Urszula aliinywa chai yote, kwa kuwa alikuwa ameshaipokea, akashukuru, akatoka. Njiani aligundua kwamba alikuwa ameshukuru, akasimama katikati ya barabara mpaka mtu wa baiskeli akampigia kengele.

*

Siku ya Mtakatifu Katarina mji mzima ulikuwa stesheni. Baada ya misa, bendi ya watu wa reli ilishuka kutoka kanisani ikipuliza, bendera mbele, kofia nyekundu na nyeusi nyuma. Soseji zilikuwa zinachomwa karibu na bomba la maji la injini. Balbina alikuwa amesimama mbele ya jukwaa, mweusi, amepakwa mafuta, anapumua. Wazee walimzunguka wakiwa wamevua kofia kama mbele ya jeneza, isipokuwa nyuso zao zilikuwa za watoto. Juu dirishani mwa injini alikuwa Zenon, amevaa sare iliyopigwa pasi na mkewe asubuhi ile ile bila neno.

Bi Urszula hakwenda kwa Balbina. Alikwenda kwenye ngazi.

Chini ya ngazi kulikuwa na kibanda kipya cha mbao, na ndani yake msichana mwenye kofia ya kukodi.

"Tiketi, mama. Mstaafu?"

"Naenda kwangu."

"Kwa wastaafu ni zloti tano," alisema msichana, akitabasamu.

Nyuma yake watu walikuwa wanasukumana. Mtu akasema, "Lipa bibi, baridi." Bi Urszula akafungua pochi, akalipa, akapewa tiketi ya rangi ya waridi yenye picha ya Balbina.

Juu, mlangoni mwa jiko lake, walikuwa wamefunga kamba nene ya zambarau. Wageni walijazana mbele ya kamba wakichungulia. Mezani palikuwa na mkate wa plastiki. Pembeni kitanda kiliachwa kimevurugika, shuka nusu chini, kama cha mlevi. Na mbele ya kabati la Apolonia, sanamu la dukani lisilo na nyusi lilikuwa limesimama na aproni ya maua. Ilikuwa aproni yake. Aliitafuta Ogrodowa wiki nzima. Ukutani paliandikwa: *Mke wa mfanyakazi wa reli alimngoja mumewe kwa subira.*

"Masikini," alisema mama mmoja mwenye kofia ya sufu, akisoma kwa sauti. "Kwa subira!"

Bi Urszula aliinua kamba akapita chini yake.

Alianza na kitanda. Alikitandika, akakaza pembe, akapiga mto. Halafu akalivua sanamu aproni, akaivaa, akalibeba sanamu kwapani na kuliweka kwenye kona limetazama ukuta. Wageni wakacheka. Simu zikainuliwa.

"Huyu ni mwigizaji?" mtu alinong'ona.

"Lazima. Angalia anavyotembea, kama ana nyonga mbovu kweli."

Jagoda alikuja mbio, akasimama kwenye kamba akipepesa macho. "Bi Urszula, nakuomba. Mkurugenzi yuko na meya. Nakuomba sana."

"Kamwite Zenon."

"Zenon yuko juu ya injini! Wanaondoka sasa hivi!"

"Basi atakuwa anajua kushuka."

Akavuta kiti, akakaa mbele ya kabati, mikono mapajani.

Zenon alikuja. Alipasua umati akiwa na sare yake na joto la tanuri bado usoni, watu wakampisha wakisema aah, na mume naye kaja. Alivuka kamba bila kuiinua, aliikanyaga ikalala sakafuni.

"Ulka. Toka."

"Sitoki."

"Boila imejaa, presha iko juu. Meya ameshapanda, na mkewe na askofu. Unaniaibisha."

"Mimi nakuaibisha?" Alisimama. "Nimelipa zloti tano kuingia jikoni kwangu, Zenon! Limewekwa jitu halina nyusi, limevalishwa nguo yangu, limeandikiwa kwamba lina subira! Mimi lini nilikuwa na subira? Sema mbele ya watu hawa!"

"Hujawahi," alisema Zenon. "Hata siku moja."

Umati ukaangua kicheko.

"Swali langu ni moja. Ulipoinua mkono mkutanoni, ulinifikiria mimi?"

Zenon alifungua kinywa. Angeweza kudanganya, neno lilikuwa jepesi na wote wangelipenda. Lakini alikuwa mtu wa namba.

"Hapana," alisema. "Nilimfikiria Balbina. Nilifikiri wewe upo tu. Kama... kama ukuta ulivyopo."

Bi Urszula akashika ukingo wa kabati. Ndipo mama wa kofia ya sufu alipoanza kupiga makofi, akafuatiwa na mumewe, na ghafla mlango mzima ukawa unapiga makofi, na mtu nyuma akapiga mbinja. "Ni baba na mama yangu hasa!" alipaza sauti mwanamume mmoja, akifuta machozi ya kicheko. "Wenyewe kabisa!"

Zenon aligeuka, masikio yamemwiva. "Si maigizo," alisema. "Huyu ni mke wangu. Hii ilikuwa nyumba yetu."

Makofi yakazidi.

Tokarz alikuwa ametokea nyuma ya umati, skafu begani, uso unang'aa. "Ajabu," alimwambia Jagoda, na akapaza sauti juu ya vichwa: "Bi Urszula! Hili tulizungumze! Jumamosi mbili kwa mwezi, kwa malipo! Ninyi wawili, hivi hivi mlivyo!"

Zenon alimtazama mkurugenzi. Akautazama umati na simu zake. Kisha akavua kofia ya sare, akaiweka juu ya mkate wa plastiki, akaenda ubavuni mwa kabati.

"Shika upande huo," alimwambia mkewe.

"Nini?"

"Shika, Ulka. Kwa chini."

"Na mjane wa Kosela?"

"Kesho nampelekea taa yake. Wanifukuze." Alishachuchumaa, mikono iko chini ya mbao. "Shika."

Wakainua. Kabati lilikuwa zito kama zamani na wao hawakuwa wa zamani. Walivuka kamba iliyolala sakafuni, watu wakipisha huku na huku, wengine bado wanapiga makofi, Jagoda anasema "jamani, jamani," Tokarz ametangulia kushuka akirudi kinyumenyume na kutaja kifungu cha sheria. Zenon alitangulia chini, uzito wote kifuani mwake. Bi Urszula alifuata juu, hatua kwa hatua, shavu lake limebanwa kwenye mbao zilizonukia iliki.

Chini kabisa, kwenye kona, kabati likakwama.

"Inua!"

"Nimeinua!"

"Zungusha kushoto!"

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwangu!"

"Sikuoni, Zenon! Nitajuaje kushoto kwako kuko wapi?"

Walivuta, wakasukuma, wakarudisha. Kilichozuia ni kile kibanda cha tiketi. Zenon alikijenga mwenyewe mara baada ya kuhama, akajisifu kwamba hakupoteza nafasi hata ya kupitisha kidole. Sasa nyuma ya Bi Urszula wageni walijaa ngazi yote, hawawezi kushuka, na makofi yalikuwa yamekwisha. Mtu akauliza kama kuna mlango mwingine. Mtoto akasema anataka choo. Mama wa kofia ya sufu akasema kwa ukali kwamba watu wamelipa.

"Bwana Zenon!" Tokarz alikuwa anaita kutoka nje, adabu imemwishia. "Meya yuko kwenye behewa! Askofu anagandishwa na baridi! Mnatufanyia nini?"

Uwanjani Balbina akapiga honi, ndefu, mara moja, halafu tena. Vioo vya dirisha la ngazi vikatetemeka.

"Zenon," Bi Urszula alisema, mdomo kwenye mbao. "Injini inakuita."

"Naisikia," Zenon alisema. "Ingoje. Haya, inua tena."